Chora pale karatasi inapolala: mwongozo wa kuchora mchakato wa biashara kwa kompyuta

Patroni mmoja wa duka la vipuri, huku Kampemba, Lubumbashi, aliniita akitaka nimtafutie programu. Programu gani, hakujua. Alichojua ni kwamba anauzia migodi, mzigo unafika salama, na pesa zinachelewa hadi inabidi akope ili alipe mishahara. "Watu wangu wanalala," aliniambia. Nikashinda dukani kwake siku tatu. Watu hawakuwa wamelala. Zilizolala zilikuwa karatasi: moja kwenye droo ya keshia, moja juu ya dashibodi ya lori, na tatu mezani kwake yeye mwenyewe, zikingoja sahihi.

Tangu hapo, kila anayeniomba programu ya kusimamia kazi namwambia tuichore kwanza kazi yenyewe. Mwongozo huu unahusu uchoraji huo. Utahitaji kompyuta moja, hata ikiwa ya zamani, rundo la karatasi ndogo, na siku nne au tano. Duka ninalolitolea mfano ni mchanganyiko wa maduka matatu ya Lubumbashi niliyoyachorea, na tarehe nimezipanga upya ili pasiwe na mtu wa kuniuliza kwa nini nimeanika mambo ya nyumbani kwake.

Hatua ya 1: Chagua kazi moja yenye mlango wa kuingia na wa kutoka

"Mauzo" hayachoreki. "Uhasibu" vilevile. Hayo ni majina ya vyumba. Mchakato una kitu kinachoingia na kitu kinachotoka, na katikati kitu hicho kinapita mikononi mwa watu. Katika duka letu niliuandika hivi: unaanza mgodi unapoleta ombi la bei, unaisha pesa zinapoonekana kwenye akaunti ya benki.

Angalia mwisho huo. Mtunza depo (ghala) angekuambia kazi imeisha lori lilipotoka getini. Mwandishi wa fakture (ankara ya kudai malipo) angesema imeisha fakture ilipoandikwa. Kila mmoja ana mwisho wake, na pesa hupotea katika nafasi iliyo kati ya miisho hiyo. Mwulize patroni: ni lini hasa huyu mteja humuwazii tena? Jibu lake ndilo mwisho wa mchoro.

Hatua ya 2: Fuata faili moja iliyokwisha

Hapa ndipo wengi wanapokosea, nami nilikosea mara mbili kabla ya kujifunza. Niliwaita wote mezani nikauliza, "Huwa mnafanyaje kazi?" Nikapewa hadithi safi kabisa, kama mtihani wa shule. Patroni yuko pale anasikiliza. Nani atasema kwamba boni, hati ya mzigo, hukaa wiki nzima ndani ya gari?

Badala yake, omba faili moja ya agizo lililokwisha kulipwa. Itandaze mezani, panga karatasi kwa tarehe na mihuri yake. Mtu anaweza kusahau au kuona haya. Muhuri wa mapokezi hauoni haya. Faili yetu ilisema hivi, yote katika mwezi wa 6:

Tarehe 3 ombi la bei lilifika. Tarehe 4 profoma, karatasi ya bei zetu, ilitumwa. Tarehe 10 mgodi ulileta boni ya komande, yaani ya kuagiza. Tarehe 11 mzigo ulitoka depo na kupokelewa mgodini siku hiyohiyo. Tarehe 19 boni ya kupokea mzigo, ile yenye muhuri wa mgodi, ilirudi ofisini. Tarehe 20 fakture iliandikwa. Tarehe 26 fakture iligongwa muhuri wa kupokelewa kwa mteja.

Ukishapata mifupa hiyo, nenda kwa kila mtu peke yake, pale anapofanyia kazi, umuulize juu ya faili hiyo hiyo. Usimuulize huwa anafanyaje, muulize alifanyaje safari hiyo. Mimi nilimuuliza keshia, ambaye pia ndiye anayeandika fakture:

"Mama, mzigo ulifika tarehe 11. Mbona fakture ni ya tarehe 20?"

"Papa, ningeiandika na nini? Boni ilikuwa na shofere. Shofere alitoka mgodini akapitia Likasi kuchukua mzigo mwingine. Alirudia nayo tarehe 19."

"Na kutoka tarehe 20 hadi 26?"

"Ilingoja gari lenye kwenda tena huko."

Mazungumzo ya dakika mbili, na kazi yangu nzima ilikuwa ndani yake. Mkataba na mgodi ulisema malipo ni baada ya siku 30, na siku hizo huhesabiwa tangu muhuri wa kupokea fakture, si tangu mzigo kufika. Kwa hiyo saa ya mteja ilianza kuhesabu tarehe 26 badala ya 11. Siku 15 zilitoweka bila mtu yeyote kulala: 8 ndani ya gari, 1 mezani, 6 zikingoja safari.

Fuata faili tatu kama unaweza. Moja iliyokwenda vizuri, moja ya kawaida, na moja ambayo kila mtu akisikia namba yake anacheka.

Hatua ya 3: Panga kwenye karatasi kabla ya kugusa kompyuta

Andika kila kitendo kwenye kipande chake cha karatasi, ukianza na kitenzi: "Andika profoma", "Pakia mzigo", "Gonga muhuri". Ukijikuta umeandika "Profoma" pekee, jiulize nani anafanya nini nayo. Ukijikuta umeandika "Andika profoma na uitume kwa mgodi baada ya patroni kukubali", hivyo ni vipande vitatu, na kile cha katikati ndicho kinachochelewesha.

Vipange mezani kutoka kushoto kwenda kulia. Vikizidi 20 hivi, ama umechukua kazi mbili kwa pamoja ama umeteremka ndani mno. Hakuna anayehitaji kuchorewa jinsi ya kufungua kompyuta. Waite wenye kazi wavisogeze wenyewe kwa mikono. Mtu ambaye hatasema neno mbele ya skrini atakisogeza kipande cha karatasi bila woga.

Hatua ya 4: Chagua programu, lakini usikae hapo wiki

Alama tutakazotumia zinaitwa BPMN, lugha ya picha ya kuchora michakato ya biashara. Toleo lake la kwanza lilitoka 2004, toleo la 2.0 linalotumika sasa lilitoka 2011 chini ya shirika la OMG, na tangu 2013 ni kiwango cha kimataifa, ISO/IEC 19510. Faida yake kwetu ni moja: mchoro uliohifadhiwa kama faili ya .bpmn unafunguka katika programu ya kampuni nyingine. Ukichora leo kwa programu hii na kesho ukahamia ile, huanzi upya.

Mimi natumia Camunda Modeler. Ni ya bure, inakaa ndani ya kompyuta yako, inafanya kazi bila intaneti, na ipo ya Windows, ya macOS na ya Linux. Inapofunguka itakupa kuchagua toleo la Camunda. Kwa kuchora tu, lolote linafaa. Kama hutaki kusakinisha kitu, ndugu yake wa bpmn.io unachorea moja kwa moja kwenye kivinjari. Bizagi Modeler nayo ni nzuri kwa mwenye Windows. Watu wengi wanaijua draw.io, na alama za BPMN inazo, ila yenyewe inachora tu, sheria haizijui: ukiunganisha mshale mahali pasipo pake inakuachia.

Jambo moja la huku kwetu. Hifadhi kazi yako kila baada ya alama mbili tatu, hasa ukitumia kompyuta ya mezani. Niliwahi kupoteza mchoro wa asubuhi nzima kwa sababu umeme ulikatika nikiwa nimeenda kula bukari.

Hatua ya 5: Chora njia iliyonyooka

Alama za kuanzia ni chache. Duara lenye mstari mwembamba ni mwanzo. Duara lenye mstari mnene ni mwisho. Mstatili wenye kona za mviringo ni kitendo. Almasi ni njia panda. Mshale wa mstari kamili unaonyesha kazi inaelekea wapi. Hizo tano zinatosha kwa siku ya kwanza.

Kwenye Camunda Modeler, ubao wa zana uko kushoto. Buruta duara la mwanzo uliweke kwenye karatasi tupu, kisha libofye: pembeni yake vitatokea vialama vidogo vya mstatili, almasi na duara la mwisho. Bofya mstatili, na kitendo kitatokea kikiwa tayari kimeunganishwa kwa mshale. Bofya mara mbili juu yake uandike jina. Ukitaka kugeuza alama iwe ya aina nyingine, bofya kialama cha spana. Majina ya vitufe yako kwa Kiingereza, lakini utayazoea kwa macho kabla hujayasoma.

Chora kwanza safari ambayo kila kitu kilikwenda sawa: ombi limefika, profoma imeandikwa, patroni amekubali, profoma imetumwa, komande imefika, mzigo umepakiwa, umefikishwa, boni imerudi, fakture imeandikwa, imepelekwa, pesa zimeingia. Usiweke almasi hata moja bado. Mwanzo uandike "Ombi la bei limefika", mwisho "Pesa zimeingia benki". Duara lisilo na jina ni kama gari lisilo na namba.

Hatua ya 6: Njia panda, na jinsi ya kuzijaribu kwa kete

Sasa weka almasi. Aina mbili zinakutosha. Almasi yenye alama ya X maana yake chagua njia moja tu. Almasi yenye + maana yake njia zote zinaenda kwa pamoja. Kwenye X andika swali: "Kipuri kipo depo?" Kisha andika jibu juu ya kila mshale unaotoka: "Kipo", "Hakipo". Almasi yenyewe haifanyi kazi yoyote. Anayekwenda kuangalia depo ni mtu, kwa hiyo kabla ya almasi lazima pawe na kitendo: "Angalia kipuri depo".

Njia zinazoachana mara nyingi hukutana tena mbele, na hapo ndipo michoro mingi inapoharibika kimyakimya. Ili uone kosa, cheza mchoro kama unavyocheza bao. Chukua kete moja, punje ya hindi au kizibo cha soda, iweke kwenye duara la mwanzo, uisogeze mshale kwa mshale. Ikifika kwenye X, inachagua njia moja. Ikifika kwenye + inayotawanya, inazaa kete nyingine kwa kila njia. Ikifika kwenye + inayokusanya, inasimama hadi kete za njia zote zifike, ndipo zinaungana kuwa moja.

Mimi nilichora X kwenye "Kipuri kipo?", na pale njia mbili zilipokutana kabla ya kupakia nikaweka +, kwa sababu kichwani nilikuwa nafikiri "lazima kipuri kiwe tayari". Nikacheza kete. Ilipita "Kipo", ikafika kwenye +, ikasimama kumngoja mwenzake wa njia ya "Hakipo". Mwenzake hakuwahi kuzaliwa. Kwa mchoro ule, hakuna lori ambalo lingetoka depo hadi leo.

Kosa la upande wa pili ni hatari zaidi kwa sababu kete haikwami. Ukitawanya kwa +, depo wapakie mzigo huku ofisi ikiandika boni, kisha ukakusanya kwa X, basi kete mbili zinapita moja baada ya nyingine, na kila kitu cha mbele kinafanyika mara mbili. Lori mbili, fakture mbili, komande moja. Kanuni ya kukumbuka: kilichofunguliwa kwa X kifungwe kwa X, kilichofunguliwa kwa + kifungwe kwa +.

Wazo hili la kete ni la zamani kuliko BPMN. Mjerumani Carl Adam Petri aliliweka katika tasnifu yake ya mwaka 1962, na wanahisabati bado wanalitumia kuthibitisha kwamba mchoro haukwami. Bpmn.io wana nyongeza inayozichezesha kete hizo zenyewe kwenye skrini. Inapendeza, lakini kwa wafanyakazi wa duka vizibo vya soda juu ya karatasi vinaeleza vizuri zaidi.

Kuna almasi ya tatu, yenye duara ndani, inayoruhusu njia moja au zaidi. Utaitamani siku komande ina vipuri vitano na depo kuna vitatu. Iache kwanza. Weka X yenye mishale mitatu, "Vyote vipo", "Hakuna hata kimoja", "Baadhi", na kwenye "Baadhi" weka kitendo "Muulize mteja kama tupeleke nusu". Ndivyo watu wanavyofanya kweli, wanapiga simu.

Hatua ya 7: Bwawa na mikondo

Sasa onyesha nani anafanya nini. Kwenye ubao wa zana kuna mstatili mkubwa wenye kichwa upande wa kushoto; mimi nauita bwawa. Uweke juu ya mchoro wako, nao utaumeza wote. Bofya bwawa, ligawe kwa mikondo: Mauzo, Depo, Usafiri, Fakture na kesi (meza ya keshia), Patroni. Kisha sogeza kila kitendo kwenye mkondo wa mwenye nacho.

Andika majina ya kazi, si ya watu. Ukiandika jina la mtu, siku akihamia Kolwezi mchoro unakufa naye. Na kama mtu mmoja anafanya kazi mbili, kama yule mama wa kesi na fakture, mkondo mmoja unatosha.

Mgodi ni bwawa jingine, juu ya lako, na uliache tupu. Hujui wanafanya nini ndani, na si kazi yako kujua. Kati ya mabwawa mawili hakupiti mshale wa mstari kamili. Kunapita ujumbe tu, mshale wa mstari wa vipande vipande: ombi la bei, profoma, boni, fakture, malipo. Ukijaribu kuunganisha mabwawa mawili, Camunda Modeler yenyewe inauchora mshale wa ujumbe. Mstari wa vipande unakukumbusha kwamba nje ya bwawa lako huamrishi mtu, unaomba na unangoja.

Vivyo hivyo kwa mzigo unaoagizwa Afrika Kusini au Zambia na kuingilia Kasumbalesa, karibu kilomita 90 kutoka hapa. Nimeona mtu akichora deklarasyo yote ya forodha, Sydonia (mfumo wa kompyuta wa forodha), DGDA (idara ya forodha), OCC (ofisi ya kukagua bidhaa), maegesho, mpaka karatasi ikajaa na duka lenyewe halionekani. Weka kitendo kimoja, "Leta kipuri kutoka nje", ukigeuze kwa spana kiwe mchakato mdogo uliofungwa; kitapata alama ndogo ya + chini yake. Ndani yake utachora siku nyingine, ukiwa umeketi na deklara wako, yule wakala wa forodha. Njia hiyo inastahili mwongozo wake.

Ukimaliza mikondo, hesabu mishale inayoingia kwenye mkondo wa patroni. Katika duka letu ilikuwa mitano: kukubali profoma, kukubali punguzo la bei, kusaini boni ya kutoa mzigo, kutoa pesa ya mafuta, kusaini fakture. Patroni husafiri. Habari hiyo mpelekee peke yake, ofisini kwake, mlango ukiwa umefungwa, na si kwenye mkutano wa wote. Wangu alinyamaza muda, akauliza kama boni ya kutoa mzigo kweli inamhitaji. Nikamjibu swali hilo ni lake, kazi yangu ilikuwa kuhesabu.

Hatua ya 8: Andika muda juu ya mishale

Hii ndiyo hatua ambayo vitabu vya alama vinaipita haraka, na kwangu ndiyo sababu ya kuchora.

BPMN ina alama ya kungoja kwa makusudi: duara la mistari miwili lenye saa ndani. Siku 30 za malipo zinawekwa hapo vizuri. Lakini haina alama ya karatasi iliyolala tu. Wahandisi wa viwandani walikuwa nayo: chati za mtiririko zilizoanzishwa na mke na mume Frank na Lillian Gilbreth huko Marekani mwaka 1921 zilikuja kupata, katika kiwango cha wahandisi wa mitambo cha 1947, alama yenye umbo la herufi D kwa ajili ya kuchelewa. BPMN ilipozaliwa haikuirithi. Matokeo yake mchoro safi wa BPMN unaonyesha kazi ikiruka kutoka kitendo hadi kitendo, kana kwamba mshale hauchukui muda wowote. Wakati kwa hakika, katika faili yetu, kuandika fakture kulichukua nusu saa na mshale wa boni kurudi ofisini ulichukua siku 8.

Kwa hiyo fanya hivi. Rudi kwenye tarehe za hatua ya 2. Bofya mara mbili kila mshale, uandike siku zilizopita juu yake. Mshale wa saa chache uache mtupu. Uliozidi siku moja andika namba. Uliozidi siku tatu ongeza maelezo, yale yenye bano upande mmoja na mstari wa vitone: karatasi ilikuwa wapi, mikononi mwa nani, ikingoja nini. "Dashibodi ya lori, ikingoja shofere arudi." "Droo, ikingoja safari ya mgodini."

Simama mbali na skrini. Macho yako yatakwenda yenyewe kwenye namba kubwa, na karibu kila mara utazikuta pale mshale unapovuka kutoka mkondo mmoja kwenda mwingine. Ndani ya mkondo mmoja kazi husogea, kwa sababu mtu ana karatasi mkononi. Akishaiweka kwenye meza ya mwenzake anahesabu kwamba amemaliza, na mwenzake anahesabu kwamba bado hajaanza.

Hatua ya 9: Yanayoharibika

Chora matatu tu, yale yaliyowahi kutokea katika faili ulizofuata. Kwetu: mgodi umekataa baadhi ya vipuri getini, komande imefika na bei tofauti na profoma, siku 30 zimepita bila malipo.

La tatu linachorwa vizuri kwa saa inayobandikwa kwenye ukingo wa kitendo. Chukua duara la mistari miwili, lisogeze hadi ligande kwenye ukingo wa "Ngoja malipo", kisha kwa spana uligeuze kuwa saa. Hapo chagua kwa makini. Saa yenye mistari kamili inakatiza kitendo: muda ukifika, kungoja kunakufa. Saa yenye mistari ya vipande haikatizi: inatoa mshale wa pembeni, "Piga simu kwa wahasibu wa mgodi", huku kungoja kukiendelea. Wewe unataka ya pili, kwa sababu kupiga simu hakukufanyi uache kudai.

Ya umeme, ya mvua, ya barabara mbovu, usiyachore. Hayaharibu mchakato mmoja, yanaharibu siku nzima.

Hatua ya 10: Rudisha mchoro kwa wenyewe

Uchape kwenye karatasi ya A3. Duka la kopi lolote karibu na chuo litakutolea. Wewe toa kwanza picha ya PNG au SVG kutoka kwenye programu. Nenda tena kwa kila mtu, umpe kalamu nyekundu, umwombe akuonyeshe ulipodanganya. Usimuulize kama ni sawa, atakuambia ni sawa. Nilipompa yule shofere kalamu, alichora mshale kutoka getini kwa mgodi kwenda ofisi ya uhasibu ya mgodi huohuo, mlango wa pili. "Hapa wanapokea fakture," alisema. "Mimi kila siku napita mbele yake." Hakuna mtu dukani aliyekuwa anajua, kwa sababu hakuna aliyewahi kumuuliza.

Hatua ya 11: Badilisha jambo moja

Hifadhi mchoro wa hali ilivyo, usiuguse tena. Tengeneza nakala, na kwenye nakala badilisha kitu kimoja tu, kile chenye namba kubwa zaidi.

Sisi tulibadilisha hivi: fakture inaandikwa wakati mzigo unapakiwa, inapanda lori pamoja na boni, na shofere anagongesha mihuri yote miwili safari hiyohiyo. Kisha tukacheza kete tena, na kete ikatuonyesha tundu: kama mgodi umekataa vipuri viwili kati ya kumi, fakture iliyo mkononi mwa shofere ni ya uongo. Kwa hiyo baada ya kitendo cha "Kabidhi mzigo" tukaweka X: "Vyote vimepokelewa?" Ndiyo, shofere anaipeleka fakture mlango wa pili. Hapana, anairudisha bila kuitoa, anapiga picha ya boni yenye muhuri, anaituma kwa WhatsApp, na fakture mpya inaandikwa siku hiyo. Nambari ya fakture iliyorudi inafutwa kwenye daftari, haitumiki tena. Muulize mhasibu wako namna anavyotaka ifutwe, maana kuna TVA (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 16 ndani yake na hataki kuona nambari zikiruka.

Kabla ya kuanza, hakikisha kwa kila mteja. Wapo wanaopokea fakture siku fulani za wiki tu, wapo wanaotaka kwanza namba ya mapokezi kutoka kwenye mfumo wao. Kwa hao njia ya picha ndiyo itafanya kazi, na faida itakuwa ndogo.

Je, ile programu ya kusimamia kazi? Faili ya .bpmn inaweza kweli kuingizwa kwenye injini ya kuendesha michakato, kazi zikawa zinajigawa zenyewe kwa watu kwenye skrini. Kwa duka la watu tisa sikushauri, angalau si mwaka huu. Utahitaji mtu wa kompyuta wa kudumu, na lori litaendelea kupitia Likasi. Patroni wangu alinunua simu moja yenye kamera nzuri kwa ajili ya shofere.

Faili zipe majina yenye tarehe, mwaka kwanza, kwa mfano "komande-hadi-malipo-2025-03-14.bpmn", ili zijipange zenyewe. Neno "mwisho" usiliweke kwenye jina la faili. Nina folda yenye "mwisho", "mwisho-kabisa" na "mwisho-huu-ndio", na ya kweli ni ile ya katikati. Karatasi ya A3 ibandike karibu na dirisha la keshia, kwa urefu ambao shofere anaweza kuifikia akiwa amesimama, na kalamu nyekundu ifungwe kwa kamba pembeni yake.